Masta ya uhandisi wa kemikali: anza na ukoko ulio nao kiwandani

Swali: "Shikamoo mhandisi. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Moshi. Nilimaliza shahada ya kwanza ya uhandisi wa kemikali na michakato pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa GPA ya 3.6. Sasa nina mwaka na nusu kwenye kiwanda cha sukari, nasimamia zamu upande wa evaporeta, vile vyombo vya kuchemshia maji ya miwa hadi yawe mazito. Kazi naipenda, ila kila siku ni ileile: kusoma geji, kufungua valvu, kusubiri siku ya kukwangua ukoko unaoganda ndani ya mirija. Nataka kusoma masta, ikiwezekana nje ya nchi. Baba anasema kama ni kemikali, bora nisomee ufamasia nifungue duka la dawa. Wenzangu nao wanasema masta bila kujuana na watu ni kupoteza muda. Je, nisome? Nisome wapi? Na nikimaliza nitakuwa nani?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na baba yako, maana namwelewa kabisa. Mimi ni mtu mzima sasa, nimezeekea kwenye fani hii hapa Arusha, na bado shangazi zangu wananiletea vidonge niwasomee vinavyomezwa. Neno "kemikali" ndilo linalotuponza. Siku ukimkuta ametulia, mwambie hivi: mkemia anashughulika na kinachotokea ndani ya kikombe, na kazi yako wewe inaanza pale kikombe kinapogeuka tangi la lita elfu hamsini.

Akitaka mfano, mpeleke kwa wapishi wa shughuli. Mchukue mama anayepika pilau tamu ya kilo moja nyumbani kwake, mpe mchele kilo hamsini na sufuria la harusi, umwambie azidishe kila kitu mara hamsini: maji mara hamsini, kuni mara hamsini. Atatoa ukoko chini, uji katikati, na juu punje zinazogonga meno. Mpishi mzoefu wa shughuli haongezi maji kwa kiwango hicho, kwa sababu anajua sufuria kubwa halipotezi mvuke kwa uwiano wa sufuria dogo. Na anapalia makaa juu ya mfuniko, kwa sababu anajua moto wa chini peke yake hautafika juu kabla ya wali wa chini kuungua. Hajawahi kukaa darasani, lakini tatizo alilolitatua ndilo kiini cha fani yetu: kitu kikikua, hakikui sawasawa pande zote.

Mimi somo hilo nilijifunza kwa kushindwa, na nitakusimulia kwa sababu linajibu nusu ya swali lako.

Utafiti wangu wa masta ulihusu floraidi. Wewe ni wa Moshi, lakini bila shaka umeona meno ya watu wa huku kwetu chini ya Mlima Meru, yale yenye rangi ya kahawia. Maji yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kuna vyanzo vinavyopita hapo mara kadhaa. Dawa moja ya zamani ni mkaa wa mifupa: unachoma mifupa ya ng'ombe kwenye hewa kidogo, unaisaga chengachenga, unapitisha maji. Madini ya mfupa yanashika floraidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa Arumeru, kimefanya kazi hii kwa miaka mingi, kwa hiyo sikuwa nagundua kitu kipya. Nilitaka tu kujua joto gani linafaa zaidi.

Maabara, kila kitu kilienda kama nilivyotaka. Gramu mia mbili za mifupa kwenye tanuru dogo la umeme, nyuzi 450, mkaa mweusi safi, maji yakitoka yamepungua floraidi vizuri. Nikachora grafu zangu, msimamizi akafurahi. Tukaenda kijijini, tukajenga tanuru la matofali, tukapakia mifupa gunia kadhaa, tukachoma kwa joto lilelile kwa saa zilezile. Siku ya kuonja maji walikuja akina mama na ndoo, na mzee mmoja na fimbo yake. Mama wa kwanza akakaribisha kikombe puani, akakirudisha mezani bila kuonja. "Yananuka mzoga," akasema. Mzee akaonja, akatema pembeni kwa heshima, akasema yeye kwa umri wake atabaki na meno ya kahawia.

Nililia njia nzima hadi Usa River.

Kilichotokea nilikijua wiki mbili baadaye, nilipotumbukiza vipimajoto vitatu ndani ya tanuru badala ya kimoja. Pembeni joto lilikuwa limepita 600, mifupa imegeuka kijivu na nguvu yake ya kushika floraidi imeshuka. Katikati halikufika 300. Mifupa ilikuwa ya kahawia, mafuta na nyama bado vimo ndani, ndiyo ile harufu. Mimi nilikuwa nasoma kipimajoto kimoja tu, kilichokaa kati ya pembeni na katikati, na kilikuwa kinaniambia 450. Joto linapopenya kwenye rundo, umbali ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka kama mara nne. Fomula hiyo nilikuwa nimeijibia mtihani mwaka wa tatu na kupata A. Sikuitambua nilipokutana nayo imevaa matofali.

Hapo ndipo masta yangu ilipoanza kweli, mwezi wa kumi na nne. Shahada ya kwanza ilikuwa imenifundisha kutumia fomula. Ya pili ilinilazimisha kujua fomula inaishia wapi, na nifanye nini ikishaishia.

Sasa tuje kwenye evaporeta zako. Unasema kila siku ni ileile. Mimi niliposoma sentensi yako ya ukoko niliweka kikombe cha chai chini.

Unajua unachokisimamia? Mwaka 1843 Norbert Rillieux, mtu wa New Orleans ambaye mama yake alikuwa na asili ya Kiafrika, alipata hataza ya kuunganisha vyombo vya kuchemshia maji ya miwa, ili mvuke unaotoka chombo cha kwanza uchemshe cha pili, wa pili uchemshe cha tatu. Siri ni kushusha presha kila hatua. Ni jambo lilelile linalofanya maharage ya Arusha yachelewe kuiva: huku juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Ukiendelea kushusha presha, chombo cha mwisho kinachemka hata kwenye nyuzi 55 au 60. Kwa vyombo vinne, kilo moja ya mvuke wa boila inatoa karibu kilo nne za maji. Bila ujanja huo makapi ya miwa yasingetosha kuendesha kiwanda chenyewe, ungenunua kuni au mafuta.

Kisha unakuja ukoko na kuharibu hesabu. Ukoko unapitisha joto kwa shida sana ukilinganisha na chuma. Milimita moja tu ndani ya mrija ni kama umeongeza ukuta wa chuma wa sentimita kadhaa. Na ukoko wenyewe hauko wa aina moja. Vyombo vya mwanzo, kwenye joto kali, mara nyingi unapata fosfeti ya kalsiamu iliyobaki kutoka kwenye chokaa ya kusafishia maji ya miwa. Vyombo vya mwisho, maji ya miwa yakiwa mazito, wanakuja silika na oksaleti. Ndiyo maana soda kali inasafisha vyombo vya mwanzo, lakini kwenye vya mwisho inachekwa, mpaka mwingie na brashi. Sasa jiulize: ni siku gani hasa inafaa kusimamisha? Ukisimamisha mapema unapoteza uzalishaji, ukichelewa unachoma makapi bure. Siku hiyo inahama msimu wa mvua, miwa ikija na udongo mwingi? Chokaa ikizidi kidogo, nani analipa, chombo cha kwanza au cha nne? Kiwandani watakujibu "huwa tunasimamisha Jumapili". Kati ya jibu hilo na jibu la kweli kuna masta nzima, na wewe unakaa juu yake kwa muda wa saa nane kila siku ukiona ni kazi ya kuchosha.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, soma. Lakini usiende mikono mitupu. Tofauti niliyoiona kati ya wanaofaidika na wanaorudi na cheti tu haiko kwenye nchi waliyosomea wala kwenye nani alimjua nani. Waliofaidika waliondoka nyumbani na tatizo waliloligusa kwa mikono. Wengine walifika, wakapewa mada na msimamizi, kitu kinachohusu kiwanda cha mbali ambacho hawatakiona tena maishani, wakaandika kurasa mia moja nzuri, wakarudi kutafuta kazi wakiwa na umri mkubwa zaidi kuliko walipoondoka.

Na kabla ya kuondoka, nikuulize: umejisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi? Vijana wengi hulipuuza hili kwa sababu halina sherehe ya kurusha kofia. Mpango wa bodi wa mafunzo kazini kwa wahitimu ni wa miaka mitatu chini ya mhandisi anayekusimamia, na ndio unaokutoa kwenye mhandisi mhitimu kukupeleka kwenye mhandisi mtaalamu, mwenye muhuri wake. Masta haichukui nafasi ya muhuri huo. Nimewaona watu wenye uzamivu wakipeleka michoro yao kwa kijana wa miaka thelathini ili aisaini. Kama umeshaanza, maliza. Kama hujaanza, anza wiki hii na uhesabu mwaka na nusu huu wa kiwandani kama shule uliyosoma bila kuandika daftari. Kuanzia sasa andika.

Kuchelewa huko hakukupotezei kitu, maana ufadhili mzuri unataka uzoefu. Chevening ya Uingereza inadai saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili. Programu za maendeleo za DAAD ya Ujerumani nazo zinataka miaka miwili baada ya shahada. Erasmus Mundus haidai hivyo, na uzuri wake ni kwamba unasoma nchi mbili au zaidi ndani ya programu moja. Marekani kuna jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui: masta ya fani yetu kule kwa kawaida unajilipia, tena fedha nyingi, lakini uzamivu ndio wanaokulipia ada na posho ya kuishi, na unaweza kuingia moja kwa moja ukiwa na shahada ya kwanza. Ni kama miaka mitano, unasoma termodinamiki, uhamisho wa joto na tungamo, kinetiki na hisabati kwa mwaka mmoja mgumu, halafu utafiti. Uzamivu wa fani hii wa kujilipia mwenyewe, popote pale, ukatae.

GPA yako inatosha kuombea. Haitakubeba peke yake.

Lakini usiruke nyumbani. Dar es Salaam, chuoni kwako, idara inaendelea hadi uzamivu. Na hapa Tengeru, saa mbili hivi kutoka kwako kwa basi, kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ambayo haina shahada ya kwanza kabisa, ni uzamili na uzamivu tu. Utatukuta watu wa fani yetu tumejificha kwenye maji, nishati na mazingira. Dk. Askwar Hilonga, aliyefundisha pale, ni mhandisi wa kemikali: alisoma uzamivu Korea Kusini, akarudi kutengeneza chujio la maji linalochanganya mchanga na chembe ndogo mno za nano, na mwaka 2015 akawa mtu wa kwanza kupata Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Namtaja kwa sababu alikwenda mbali lakini tatizo alilichukua kijijini. Kwa ukoko wa miwa, faida ya kusoma karibu ni kubwa: unaweza kwenda kiwandani Jumamosi kuchukua sampuli. Ukiwa Manchester, sampuli itakuja kwa posta.

Utakuwa nani ukimaliza? Sitakudanganya: kiwanda cha kawaida cha huku hakina idara ya utafiti, na masta peke yake haitapandisha mshahara wako pale ulipo. Meneja wako atasema hongera, halafu zamu ya usiku ni yako. Faida inakuja ukihama mlango. Serikalini kuna TBS, shirika la viwango, kuna Mkemia Mkuu wa Serikali, kuna NEMC, baraza la mazingira, na washauri wanaoandika tathmini za mazingira. Huko shahada ya pili inahesabika. Dhahabu kanda ya ziwa inatolewa kwa sayanidi na mkaa, ni kazi yetu ile. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikija Dar es Salaam tangu 2004. Bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, limesanifiwa lipashwe joto njia nzima kwa sababu mafuta yale yana nta na yakipoa yanaganda. Hapo kuna mtu lazima ahesabu joto, na fomula yake ni binamu ya ile ya tanuru langu.

Hata huku kaskazini, tazama vizuri. Vyandarua vya Olyset vinavyotengenezwa Arusha na A to Z tangu 2003 vina dawa ndani ya uzi wa plastiki wenyewe, haikupakwa juu. Inasogea taratibu kuja kwenye uso kadiri ile ya juu inavyoisha, ndiyo maana ukifua chandarua dawa haiishi siku hiyohiyo. Kasi ya kusogea huko ndiyo kila kitu: ikienda mbio chandarua kinakufa mapema, ikizubaa mbu anatua na kuondoka salama. Hiyo ni fani yetu kabisa, inaning'inia juu ya kitanda chako. Bia, spiriti ya molasi, ngozi, fosfeti ya Minjingu, vyote vina watu wanaohitaji mtu wa kuuliza kwa nini. Tatizo ni kwamba nafasi hizo hazitangazwi kwa jina hilo. Mara nyingi huingii kwa barua ya maombi. Unaingia kwa kuwa umewaonyesha fedha wanayoimwaga kwenye mfereji.

Hilo la kujuana na watu, wenzako wana ukweli nusu. Wakati nafundisha nilikuwa napokea barua za "naomba kusoma chini yako, mimi ni mchapakazi, nina ndoto kubwa". Nyingine ikaja, ya kijana wa kiwanda cha ngozi, inaanza na jedwali la kromiamu kwenye maji taka kwa siku kumi na mbili, na chini yake ameandika: siku ya saba sielewi. Nilimpigia simu siku hiyohiyo. Hakuwa anamjua mtu yeyote.

Na kwa kuwa wewe ni binti, na najua maneno yanayosemwa kwenye kantini za viwanda: Margaret Hutchinson Rousseau alipata udaktari wa fani hii MIT mwaka 1937, mwanamke wa kwanza, na ndiye aliyesanifu kiwanda cha kwanza cha kuzalisha penisilini kwenye matangi makubwa, wakati wa vita. Baba yako akirudia habari ya duka la dawa, mwambie dawa zilizojaa kwenye rafu hizo zilimhitaji mtu wa matangi kwanza.

Sasa kazi ya nyumbani. Zungumza na mkuu wako wa uzalishaji upate ruhusa, takwimu za kiwanda si zako kuzitoa ovyo. Kisha, kuanzia siku ambayo evaporeta zimetoka kukwanguliwa hadi siku zinaposimamishwa tena, andika kila saa ya zamu yako: presha ya mvuke unaoingia, presha na joto la kila chombo, briksi (kipimo cha sukari kwenye maji ya miwa) inayoingia na inayotoka, kiasi cha maji ya miwa. Waombe wa zamu nyingine wawili wafanye hivyo hivyo, uwanunulie soda. Chora kwa mkono kwanza, kompyuta baadaye. Siku ya kukwangua, ingia nao. Chukua kipande cha ukoko kutoka kila chombo, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, kila kimoja kwenye mfuko wake, na uandike kwa kalamu isiyofutika: chombo cha ngapi, mrija wa juu au wa chini, tarehe. Wengi hukumbuka tarehe na kusahau juu au chini, na baadaye hakuna maabara duniani itakayowarudishia taarifa hiyo.

Ukishakuwa na hayo niandikie tena, tutazame pamoja nani wa kumpelekea.